Kutoka X hadi Wayland: historia ya madirisha na kompyuta nne za Kisumu Ndogo

Nimeadimika kidogo, ndugu zangu. Kazi ya kutafuta unga imenibana, na juu yake kuna mzee mmoja wa Kisumu Ndogo aliyenipa kazi isiyo na malipo ambayo imekula Jumamosi zangu tatu mfululizo. Kazi hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye historia ambayo nilidhani naijua, kumbe nilikuwa naijua nusu.

Kwa wasiopajua, Kisumu Ndogo ni mojawapo ya vijiji vya Kibera, Nairobi. Kawangware, ninakopanga siku hizi, nako kuna Kisumu Ndogo yake. Jina hili huwafuata watu wa Nyanza popote wanapopata chumba cha kupanga. Mimi nilikulia ile ya Kibera, na kompyuta ya kwanza kuigusa ilikuwa ya mzee huyu, katika saiba yake ya mabati, shilingi moja kwa dakika. Shuleni mwalimu alituadhibu tukisema kompyuta badala ya tarakilishi. Kwa mzee hakuna aliyejali uliiitaje, mradi ulipe.

Leo mzee ana kompyuta nne za mitumba, zile tunazoziita ex-UK, na zote zilikuwa zinatumia Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel, iwe ya kizazi cha nane kwenda juu. Za mzee ni za kizazi cha nne. Kununua nyingine hawezi. Akaniita.

"Kijana wangu, si wewe ulisomea hizi vitu? Weka hiyo Linux yako. Lakini programu ya picha usiiguse."

Programu ya picha ni kijiprogramu cha zama za Windows XP kinachopanga picha nane za pasipoti kwenye karatasi moja, zikiwa zimekatwa kwa vipimo sawasawa. Mzee alikinunua mwaka 2006. Aliyekiandika hapatikani tena, na msimbo wake hauko popote. Ukikiondoa hicho, umeondoa karibu nusu ya mapato ya siku ya duka lile, na mzee anasomesha mjukuu aliye sekondari. Kwa hiyo nilihitaji Wine, na mara tu nilipoiweka Wine nikakutana na swali: itembee juu ya X11 au juu ya Wayland? Kulijibu vizuri ilibidi nirudi nyuma miaka arobaini.

Juni 1984, mwaka ambao wazee wetu wanaukumbuka kwa njaa na mahindi ya manjano, Bob Scheifler wa chuo cha MIT kule Marekani aliwatangazia wenzake kwamba ameandika mfumo wa madirisha. Aliutoa kwenye mfumo mwingine wa chuo cha Stanford ulioitwa W, akaubadilisha, na kwa kuwa herufi inayofuata W ni X, akauita X. Hivyo tu. Yeye na Jim Gettys waliuendeleza ndani ya Project Athena, mradi wa MIT wa kuwapa wanafunzi kompyuta zilizounganishwa. Matoleo yalifuatana haraka haraka hadi Septemba 1987 lilipotoka la 11. Kisha namba ikasimama. Tunaposema X11 leo tunataja itifaki ya 1987, ambayo ni nzee kunizidi mimi kwa miaka kumi hivi.

Ili kuelewa X, fikiria chuo chenye mashine chache zenye nguvu na vioo vingi vya bei nafuu. Programu inaendeshwa kwenye mashine kubwa jengo lile. Wewe umekaa mbele ya kioo jengo hili. Kinachokaa mbele yako ndicho kinachoitwa seva, kwa sababu ndicho kinachotoa huduma ya kioo, kibodi na kipanya. Programu ndizo wateja. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huchanganyikiwa hapa, nami nilichanganyikiwa. Jambo la pili: X haikutaka kuamua dirisha lionekane vipi au likae wapi. Hiyo iliachiwa programu nyingine, msimamizi wa madirisha, ambayo unaweza kuibadilisha upendavyo.

Sisemi X ilikuwa mbaya. Uwezo ule wa kuonyesha programu kupitia waya wa mtandao ulifanya mambo makubwa. Mradi wa LTSP uliutumia ili kompyuta moja yenye nguvu ibebe darasa zima la kompyuta chakavu zisizo hata na diski. SchoolNet Namibia ilijenga maabara za shule kwa mtindo huo miaka ya 2000, na Edubuntu ililipakia jambo hilo kwenye CD. Kwa bara lenye mitumba mingi ya kompyuta ilikuwa neema.

Sasa tuje kwa Wine. Ilianza 1993, Bob Amstadt na wenzake wakitaka kuendesha programu za Windows 3.1 ndani ya Linux. Tangu 1994 inaongozwa na Alexandre Julliard, na hadi leo bado yuko. (Wangapi wetu tumedumu na mradi mmoja hata miaka mitatu?) Wine si kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta. Ni mkalimani: programu ya Windows ikisema "nifungulie faili" au "nichoree kitufe", Wine inaigeuza kauli hiyo kuwa kauli ya Linux palepale.

Kwenye mafaili ukalimani huo ulikwenda vizuri. Kwenye madirisha ulikuwa vita. Programu ya Windows imelelewa katika nyumba yenye bosi mmoja. Inaamini kwamba inajua iko wapi kwenye kioo hadi nukta ya mwisho, kwamba ikisema ije mbele itakuja mbele, kwamba ikitaka kioo kizima itapewa, na ikitaka kupunguza ukubwa wa kioo kutoka 1024 kwa 768 hadi 640 kwa 480 itatii. X ina seva, ina msimamizi wa madirisha, na kila msimamizi ana tabia zake. Watu wa Wine walitumia miaka kuandika viraka vya kumridhisha huyu bila kumuudhi yule.

Nililiona hili kwa macho yangu, ingawa sikujua ninaona nini. Mwaka 2009 mzee alichoshwa na virusi vya flashi, kila mteja akiingiza flashi anaacha kitu. Akapata CD ya Ubuntu, zile Canonical ilizokuwa ikizituma kwa posta bure kupitia ShipIt hadi 2011, akaiweka kwenye kompyuta moja ya pembeni. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilikuwa ndiyo kwanza zinafika Mombasa mwaka huohuo, kwa hiyo kupakua Wine kulikuwa kazi ya usiku mzima. Wine yenyewe ilikuwa imetoa toleo la 1.0 tarehe 17 Juni 2008, baada ya miaka 15 ya kuitwa changa.

Sisi watoto tukaweka mchezo wa magari. Ulianza, ukashusha kioo hadi 640 kwa 480, tukashangilia, ukagoma, ukafa. Kioo kikabaki vilevile. Alama za mafaili zikawa kubwa kama sahani, vitufe vikatoka nje ya kioo, na mteja aliyekuwa amelipa kuchapa barua ya kazi akaondoka. Mzee alitufukuza wiki nzima. Sasa ninajua sababu. Katika X mteja yeyote anaweza kuomba kioo kizima kibadilishwe ukubwa, na akifa kabla ya kukirudisha, hakuna anayewajibika kukirudisha.

Huo ni usumbufu tu. Kuna kasoro mbili nzito zaidi.

Ya kwanza ni udalali. Anayepanga nyumba Nairobi anamjua dalali: huwezi kuzungumza na mwenye nyumba moja kwa moja. X iliundwa wakati seva ndiyo iliyochora kila mstari na kila herufi. Miaka ikapita, programu zikaanza kujichorea zenyewe, halafu zikaja kompozita, yaani programu zinazokusanya picha za madirisha yote na kutengeneza picha moja ya kioo. Seva ya X ikabaki katikati kama dalali: inapokea picha kutoka kwa programu, inampelekea kompozita, kompozita anapanga, anairudisha kwa seva, seva inapeleka kwenye kioo. Katika kuzungushana huko ndiko video hukatika kwa mstari wa kulala, nusu ya juu ikiwa picha mpya na nusu ya chini ya zamani.

Ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Katika X11, programu zote zilizounganishwa na kioo kimoja zinaaminiana. Zilikuwa za mwanafunzi mmoja wa MIT, zisiaminiane kwa nini? Nilimwonyesha mzee. Nilifungua dirisha jeusi nikaandika:

xinput test-xi2 --root

Sikuombwa neno siri la msimamizi wala ruhusa yoyote. Nikamwambia afungue Firefox na aandike chochote kwenye kisanduku cha neno siri. Kwenye Firefox vilitokea vidoti vyeusi, na kwenye dirisha langu kila kitufe alichobonyeza kilijiandika kwa namba yake, kimoja baada ya kingine.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Hata ya yule mama wa jana?"

Yule mama wa jana alikuja kulipia cheti kwenye eCitizen. Wako wengi kama yeye. Watu wa mtaa hawana kompyuta nyumbani; neno siri la eCitizen, la kodi, la mkopo wa chuo, yote yanaandikwa kwenye kibodi za mzee. Ukija Juni, mwezi wa mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi, foleni inafika nje. Na kwenye kompyuta hizohizo mimi nilikuwa naenda kuweka programu ya Windows ambayo hakuna anayejua ndani yake kuna nini, pamoja na chochote ambacho wateja wangekuja nacho kwenye flashi.

Wayland ilianza kama jibu la mambo hayo. Kristian Høgsberg, aliyekuwa akifanya kazi Red Hat na aliyeijua X kwa ndani, aliianza 2008, akaiita kwa jina la mji wa Wayland ulioko jimbo la Massachusetts. Angalia mwaka: 2008 ileile Wine ilipofika 1.0. Wine imemaliza kujenga nyumba yake, na kiwanja kinaanza kupimwa upya.

Wazo lake ni jepesi kulieleza: mwondoe dalali. Kompozita mwenyewe ndiye seva. Programu inachora picha yake, inamkabidhi kompozita ikiwa imekamilika, kompozita anaiweka kwenye kioo. Programu haioni madirisha ya wenzake, haisikii vitufe ambavyo havikubonyezwa ndani yake, na haiwezi kubadilisha ukubwa wa kioo.

Kulitekeleza kulichukua miaka. Toleo la 1.0 lilitoka Oktoba 2012. Canonical ikajitenga 2013 na mfumo wake wa Mir, ikarudi kundini 2017. Fedora 25 ilifanya Wayland kuwa chaguo la kawaida Novemba 2016; Ubuntu ikajaribu na 17.10, ikarudi X katika 18.04, ikajaribu tena katika 21.04. Wenye kadi za Nvidia waliteseka kuliko wote, na hilo nitaliruka maana mzee hana Nvidia.

Kilichookoa mpito huo ni XWayland: seva ya X inayoishi kama mpangaji ndani ya Wayland, ili programu za zamani ziendelee kula. Kwa miaka mingi Wine ilikuwa mojawapo ya wapangaji hao. Programu ya Windows inazungumza na Wine, Wine inageuza iwe X, XWayland inageuza iwe Wayland. Wakalimani wawili! Mwaka 2020 Alexandros Frantzis wa kampuni ya Collabora alionyesha jaribio la draiva ya Wine inayozungumza na Wayland moja kwa moja. Vipande vyake vilianza kuingizwa kwenye Wine 2023, na Wine 9.0, Januari 2024, ikatoka nayo kama jaribio. Wine 10.0, Januari 2025, iliiwasha bila kuhitaji uhariri wowote, ingawa ikiona X ipo inachagua X kwanza.

Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, inakuja na Wine 10.0 hiyo, nami ndiyo niliyoiweka kwa mzee pamoja na KDE Plasma. (Programu ya zama za XP ni ya biti 32, kwa hiyo usisahau kuongeza usanifu wa i386 kabla ya kuweka Wine. Mimi nilisahau, nikapoteza saa nzima.) Ili kuilazimisha Wine ipite Wayland unaificha X:

env -u DISPLAY wine picha.exe

Programu ya picha ikafunguka. Nikarudia jaribio la xinput huku mzee akiandika kwenye Firefox, ambayo tangu toleo la 121 la Desemba 2023 hutumia Wayland yenyewe. Kimya. Hata namba moja. Nikatafuta mchezo wa zamani unaotaka 640 kwa 480: draiva ya Wayland iliudanganya kwamba kioo kimebadilika, kumbe kompozita anaivuta tu picha ndogo ijaze kioo. Nikaua mchezo kwa makusudi. Kioo hakikutikisika. Nilicheka peke yangu, na mzee, ambaye bila shaka amesahau 2009, akaniuliza kama niko sawa.

Picha ya video haikatiki tena. Kuhusu kasi, sitawadanganya: kwenye mashine zile sikuona tofauti ya kujivunia. Faida ya vioo vyenye nukta nyingi, ambapo kila kioo kinapewa ukubwa wake wa maandishi, ni ya kweli, lakini vioo vya mzee ni vya kale na havihusiki.

Na kuna matatizo. Wayland haiiambii programu iko wapi kwenye kioo, na programu za Windows hupenda kujua. Kisanduku cha zana cha programu ya picha kinachotakiwa kukaa kulia kwa picha kilijitokeza katikati, juu ya uso wa mteja. Wine 10.0 imerekebisha vidirisha vingi vya kujitokeza, lakini hiki hakimo. Nilichofanya ni kuiwekea programu mpangilio wa dirisha moja tu, na mzee akakubali kwa kununa. Pia tusidanganyane kwamba Wine imekuwa jela. Wayland inaficha vitufe na madirisha, haifichi mafaili. Programu ya Windows ndani ya Wine inaona diski yako yote kupitia Z:, na hata ukiifuta Z: kwenye winecfg, yenye nia mbaya ina njia nyingine. Ndiyo maana programu ya picha inaendeshwa na mtumiaji wake pekee, na wateja wa intaneti wana wa kwao.

Nilipomwambia mzee kwamba mfumo wa zamani unaitwa X na kwamba unaondolewa, alicheka mpaka akakohoa. Kibera X ina maana yake. Ni ile rangi nyekundu kwenye ukuta, unaikuta asubuhi, na unajua nyumba ina siku chache. Wengi wetu tunakumbuka Julai 2018, tingatinga zilipopita kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na shule zikaenda pamoja na nyumba. X ya kompyuta imepewa notisi ndefu kuliko hiyo. GNOME 49, Septemba 2025, ilizima kikao cha X11 kwa kawaida, Ubuntu 25.10 ikafuata kwa kukiondoa. KDE imetangaza kwamba Plasma 6.8 itakuwa ya Wayland peke yake. XWayland inabaki, kwa hiyo wapangaji hawatupwi nje.

Kompyuta tatu ziko Wayland sasa. Ya nne imebaki X11, na hapo ndipo mimi na mzee hatujaelewana. Anataka akiwa kaunta aone vioo vyote, ajue nani anaongeza dakika na nani anafungua asivyotakiwa. Kwa X11 ni rahisi, x11vnc inachukua kioo bila kumwuliza mtu. Kwa Wayland aliyekaa mbele ya kioo huulizwa kwanza kama anakubali kutazamwa.

"Duka ni langu," mzee anasema.

Nilimjibu kwamba duka ni lake, lakini neno siri ni la yule mama. Akasema tutaongea. Jumamosi narudi na waya wa mtandao na swichi ndogo, nione kama kuhesabu dakika peke yake, bila kuona kioo, kunaweza kumtosha.